Picha pekee haitoshi kuuhuisha mji wa Lamu kwenye kompyuta

MTU akipita katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, kisiwani Lamu, hautambui mji huo kwa macho peke yake. Kabla hajamwona punda anayemjia kwa nyuma, huwa amekwisha kusikia kwato zake. Akiingia chini ya wikio, lile daraja linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, jua humwacha ghafla, ubaridi wa mawe humgusa usoni na sauti ya nyayo zake mwenyewe hubadilika. Akikaribia nyumba yenye harusi, udi na asumini humfikia kabla ya vigelegele.

Hayo yote huonekana kuwa mambo madogo. Lakini kwa wataalamu wa uhalisia pepe, yaani taaluma ya kutumia kompyuta kumfanya mtu ajihisi yumo mahali ambapo hayupo, hayo ndiyo yanayotenganisha mahali panapoaminika na picha nzuri tu.

Suala hili linaihusu Lamu kwa karibu. Mji huo wa kale, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia na shirika la UNESCO mwaka 2001, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyokwisha kupimwa kwa mitambo ya kisasa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, ambao jina lake ni neno la Kiswahili, ulianzishwa na Profesa Heinz Rüther katika miaka ya 2000. Umepima makanisa ya mwamba ya Lalibela nchini Ethiopia, magofu ya Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania, Great Zimbabwe, misikiti ya Timbuktu na Lamu yenyewe.

Mtambo wa leza hurusha miale kwenye ukuta na, kwa kuangalia jinsi kila mwale unavyorudi, hujua umbali wa kila nukta. Mamilioni ya nukta hizo yakiunganishwa hutoa umbo la jengo zima, pamoja na nyufa zake. Mhandisi anayetaka kukarabati ukuta unaoinama hana chombo bora kuliko hicho.

Umbo hilo, hata hivyo, ni bubu. Halina joto wala harufu, na mkono ukinyooshwa kuligusa hupita katika hewa tupu. Je, aliyevaa miwani ya uhalisia pepe na kuingizwa ndani ya umbo hilo atajihisi yuko Lamu? Utafiti wa zaidi ya miaka ishirini unaonyesha kwamba jibu halitegemei sana ubora wa picha kama wengi wanavyodhani.

Njia mbili

Wazo la kuzihusisha hisi zote si geni. Mwaka 1962, Mmarekani Morton Heilig, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu, alipewa hataza ya mashine aliyoiita Sensorama. Mtazamaji aliketi kitini, akaonyeshwa safari ya pikipiki huku kiti kikitetemeka, upepo ukimpuliza usoni na harufu zikimfikia puani. Heilig hakupata wa kumfadhili. Miaka sita baadaye, mwaka 1968, Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani ambacho picha yake ilibadilika kila mvaaji alipogeuza shingo. Wahandisi waliofuata walishika njia ya Sutherland, wakashughulika na macho kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1999, watafiti nchini Marekani wakiongozwa na Huong Dinh waliamua kulipima jambo hilo. Watu 322 walitembezwa katika ofisi iliyojengwa kwa kompyuta. Baadhi yao walipulizwa na feni halisi walipopita penye feni ya kwenye picha, wakahisi joto la taa walipotoka barazani penye jua, wakasikia sauti za vitu vilivyowazunguka na kunusa kahawa. Wengine walionyeshwa picha tu, baadhi zikiwa za ubora wa juu na nyingine za ubora wa chini.

Mguso na sauti viliongeza kwa kiasi kikubwa ile hali ya mtu kujihisi yumo mle ndani. Kuongeza ubora wa picha hakukuleta tofauti ya maana. Harufu nayo, katika jaribio hilo, haikutoa matokeo ya kutegemewa.

Jaribio la pili ni maarufu zaidi. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, watu walisimamishwa kwenye ukingo wa shimo refu lililokuwamo katika picha tu, huku watafiti wakipima mapigo ya moyo wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Mioyo ilikwenda mbio, ingawa kila mmoja alijua kwamba amesimama chumbani. Kisha watafiti wakaweka sakafuni ubao halisi wenye unene wa takriban sentimita 4, ncha za vidole vya miguu zikawa zinauhisi ukingo wake. Mapigo yalizidi kupanda. Ubao ambao fundi yeyote angeupata kwenye mabaki ya kazi yake ulifanya kazi iliyoshinda kompyuta ya gharama kubwa.

Ubongo kama kadhi

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo wa binadamu hufanya kazi kama kadhi anayesikiliza mashahidi. Hauoni dunia moja kwa moja. Hupokea taarifa za macho, masikio, ngozi, pua, misuli na sikio la ndani, kisha hutoa hukumu juu ya kile kinachotendeka. Mwaka 2002, Marc Ernst na Martin Banks walionyesha katika jarida la Nature kwamba ubongo hupima uzito wa kila shahidi kulingana na uaminifu wake kwa wakati huo. Macho yakiwa na ukungu, mkono husikilizwa zaidi. Mkono ukiwa na shaka, macho hutangulizwa.

Mashahidi wakiafikiana, hukumu hutoka upesi, hata kama ni ya uongo. Ushahidi mashuhuri ni ule wa mkono wa mpira uliotolewa na Matthew Botvinick na Jonathan Cohen mwaka 1998. Mkono wa mtu ulifichwa, akawekewa mbele yake mkono wa mpira, na yote miwili ikapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi wengi walihisi kwamba mkono ule wa mpira ni wao. Brashi zilipopishana wakati, hisia hiyo ilififia. Kilichodanganya ubongo ni ulinganifu wa kile kinachoonekana na kile kinachoguswa. Ufundi wa mkono wa mpira haukuwa na kazi kubwa hapo.

Ndiyo maana wataalamu hutilia mkazo sana suala la kuchelewa. Mtu akigeuza kichwa, picha nayo inapaswa kugeuka katika muda usiozidi sana sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Ikichelewa zaidi, ubongo hutambua kwamba kuna shahidi anayesema uongo.

Wana wa visiwa vya Lamu wanalijua jambo hili, ingawa kwa jina jingine. Abiria anayeketi ndani ya tumbo la jahazi huchafukwa na moyo mapema kuliko aliyekaa juu akitazama upeo wa bahari. Yule wa chini macho yake humwambia kwamba ametulia, kwa kuwa mbao zinazomzunguka zinasogea pamoja naye, ilhali sikio lake la ndani linasema anapanda na kushuka. Katika uhalisia pepe ugomvi ni uleule, ila mashahidi wamebadilishana nafasi: macho yanasema mtu anasafiri, sikio linasema ameketi kitini. Tumbo ndilo hulipa gharama. Anayetaka kutengeneza safari pepe ya mashua kutoka Lamu hadi Pate ajiandae kwa hilo, kwani kiti kisichoyumba kitawatapisha hata manahodha.

Siwa isiyolia

Tukiacha mguso, sauti ndiyo hisi inayopuuzwa zaidi katika kazi ya kuhifadhi turathi, na Lamu inaonyesha waziwazi hasara yake. Makumbusho ya Lamu yanajulikana kwa siwa, zile baragumu kubwa za fahari: ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba. Leza inaweza kunakili kila nakshi iliyo juu yake. Lakini siwa haikuundwa ili itazamwe tu. Iliundwa ili ipulizwe katika harusi na sherehe za wakubwa, isikike mtaa kwa mtaa. Siwa pepe isiyo na mlio ni pembe iliyochorwa vizuri, basi.

Vivyo hivyo nyumba. Upana wa vyumba vya nyumba ya kale ya Lamu hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na kwa hiyo huwa vyembamba na virefu. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, zilizopakwa chokaa. Uso mgumu wa chokaa hurudisha sauti. Mikeka, mazulia na mito huimeza. Mtu aliyefumbwa macho anaweza kukisia kwa masikio tu kama yuko katika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu au katika chumba cha ndani kabisa. Programu inayocheza sauti ileile katika vyumba vyote huondoa tofauti hiyo, na ubongo, kadhi yuleyule, hushuku bila ya kujua anachokishuku.

Dawa yake ipo na si ya bei ghali. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia mjini Istanbul, wakati huo likiwa jumba la makumbusho, wakarekodi mwangwi uliofuata. Mwangwi wa jengo hilo hudumu kwa takriban sekunde 11. Kwa kutumia rekodi hizo, kompyuta iliweza kuuvika mwangwi wa Hagia Sophia uimbaji uliofanyika Marekani, na mwaka 2019 kwaya ya Cappella Romana ikatoa albamu nzima iliyotengenezwa kwa njia hiyo. Jengo hilo lilirejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020, lakini sauti yake kama ilivyokuwa mwaka 2010 imehifadhiwa.

Baraza la saruji na harufu ya zamani

Kuhusu mguso, somo la ule ubao wa North Carolina linaweza kuhamishiwa Lamu moja kwa moja. Vifaa vya kisasa vya uhalisia pepe huja na vishikio vinavyotetemeka mkononi, navyo vina faida yake, lakini mtetemo haufanani na chokaa. Makumbusho yanayotaka kumwonyesha mgeni nyumba ya kale yanaweza kuweka baraza halisi ya saruji mahali palepale ilipo baraza ya kwenye picha, na kipande cha ukuta wa matumbawe pale mkono utakapofika. Mgeni akiketi, aketi kweli. (Na asipowekewa kitu, ataketi chini, kama walivyokwisha kugundua wengi waliowahi kuegemea meza za kompyuta.)

Tahadhari moja inahitajika. Mwaka 2018 watafiti wa Microsoft na wenzao walieleza katika jarida la Science Robotics kwamba kuongeza ubora wa mguso bila macho kuona chanzo chake kunaweza kuharibu mambo badala ya kuyatengeneza. Mguso ulio bora mno, usiolingana na kinachoonekana, humfanya mtu ajihisi vibaya kuliko mguso hafifu. Wingi wa hisi, kwa hiyo, si lengo. Afadhali hisi mbili zinazosema kitu kimoja kuliko nne zinazozozana.

Harufu ina tabia yake. Ni vigumu kuitoa kwa wakati ufaao na vigumu zaidi kuiondoa chumbani ikishatolewa, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu majaribio yake hutoa matokeo yasiyotulia. Nguvu yake imo katika kumbukumbu. Kituo cha Jorvik mjini York, Uingereza, kilichofunguliwa mwaka 1984, huwatembeza wageni katika mji wa kale wa Waviking uliotiwa harufu zake, za kupendeza na za kukera. Mwaka 1999, John Aggleton na Louise Waskett walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wamezuru kituo hicho miaka kadhaa nyuma. Waliojibu maswali wakinusa harufu zilezile walikumbuka mengi zaidi kuliko walionusishwa harufu nyingine.

Lamu haikosi harufu: udi, asumini, samaki wa kukaanga, maji chumvi na, ni lazima isemwe, samadi ya punda. Watengenezaji wa matangazo ya utalii wangependa kuiacha hiyo ya mwisho. Lakini Lamu isiyonuka punda haitamdanganya mtu yeyote aliyewahi kufika huko.

Nani anayeamini?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Profesa Mel Slater, mmoja wa wataalamu wakuu wa fani hii, aliandika mwaka 2009 kwamba imani ya mtu katika mazingira pepe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuhisi kwamba upo mahali fulani, nayo hutegemea mwili: unageuka, na dunia inageuka nawe. Ya pili ni kuamini kwamba yanayotokea hapo yanatokea kweli, nayo hutegemea mambo yanavyomjibu mtu na yanavyokubaliana na anachokijua.

Sehemu hiyo ya pili haipimwi kwa leza. Mtalii anayevaa miwani huko Ulaya ataridhika na kichochoro chenye kivuli, mlango wa nakshi na adhana kwa mbali. Mwenyeji hataridhika. Atamtolea salamu mzee aliyeketi barazani, na mzee huyo asipojibu, mambo yote yamekwisha hapo hapo. Hakuna mzee wa Lamu anayeacha salamu bila jibu. Akijibu kwa Kiswahili sanifu cha redioni, mwenyeji atacheka. Wa Lamu husema mui, ndia na yuu, si mji, njia na juu. Lahaja ya Kiamu ni sehemu ya mandhari ya sauti ya mji huo kama zilivyo kwato za punda, na iko hatarini zaidi kuliko kuta.

Kwa magofu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna mwenyeji wa kukosoa. Takwa, kisiwani Manda, na Shanga, kisiwani Pate, zilihamwa karne nyingi zilizopita. Mafundi wa kompyuta wanaweza kuzijaza sauti, moshi na umati wa watu, na mtazamaji ataamini, kwa kuwa hisi zake zote zinaafikiana. Hati ijulikanayo kama Mkataba wa London, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 kuhusu matumizi ya kompyuta katika kuonyesha turathi, hutaka watazamaji waelezwe kipi kina ushahidi na kipi ni makisio. Sharti hilo ni rahisi kulitimiza kwa ukuta: sehemu ya kukisia hupakwa rangi tofauti. Kwa harufu au wimbo ni kazi ngumu, na ndiyo inayohitajika zaidi, maana ni vigumu kwa mtu kubishana na kilichokwisha kumsisimua mwili.

Wakati hausubiri. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua makumi ya watu na kuporomosha utalii wa kaunti nzima. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid-19 ukafunga njia kwa mara nyingine. Katika vipindi kama hivyo ziara za kompyuta huonekana kuwa mkombozi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na Kamati ya Turathi za Dunia imeeleza mara kadhaa wasiwasi wake juu ya athari za mradi wa LAPSSET kwa mji wa kale. Katika mkondo wa bahari injini zimechukua nafasi kubwa ya matanga. Kuta zikibomolewa, vipimo vya leza vipo. Sauti za mitaa zikibadilika, rekodi ya kuzirudisha itakuwapo tu ikiwa kuna aliyetangulia kuzinasa.

Vifaa vya kuanzia ni maputo, kinasa sauti kizuri na mtu anayejua ni saa ngapi mtaa gani una sauti gani. Kinachobaki ni kigumu zaidi kukipata, nacho ni idhini. Nyumba ya Lamu ilijengwa kwa madaraja ya faragha. Mgeni wa kawaida huishia dakani. Tekani hupinda ili apitaye njiani asione kiwanda. Misana hufuata, kisha ndani, pahali pa wanawake na mambo ya nyumbani. Leza na miwani haviijui mipaka hiyo, na nakala iliyo kamili kwa hisi zote ingemwingiza mtu asiyejulikana hadi kwenye kitanda cha mwenye nyumba.

Wenye nyumba wanaweza kukubali mpaka wa kati. Programu inaweza kumsimamisha mgeni wake dakani, mlango ukiwa umerudishwa, akahisi saruji ya baraza chini yake, akasikia mazungumzo ya ndani yakipenya kwa mbali bila kumwona mtu, kama yanavyomfikia mgeni yeyote aliyepiga hodi Mkomani.